Amri ya Kuhama Ikitolewa, Nani Anaweza Kuondoka?

Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa katika mji wa Galveston, Texas, aliandika gazetini kwamba wanaoogopa kimbunga kuuangamiza mji wao wanajitia hofu ya bure. Galveston umejengwa juu ya kisiwa cha mchanga katika Ghuba ya Mexico, na wakati ule sehemu yake iliyoinuka zaidi haikufika hata mita 3 juu ya bahari. Watu walikuwa wakibishana kama wajenge ukuta wa kuzuia maji. Hawakuujenga. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari ilipanda zaidi ya mita 4 na kukifunika kisiwa kizima. Waliokufa hukadiriwa kuwa 8,000, na mke wa Cline akiwa mmoja wao. Hadi leo Marekani haijapata janga la asili lililoua watu wengi kuliko hilo.

Kinachouma zaidi ni kwamba wapo waliojua. Watabiri wa Havana, waliokuwa wameishi na vimbunga kwa vizazi, waliona kwamba dhoruba ile ingeingia kwenye Ghuba na kuelekea Texas. Wakubwa wa ofisi ya hali ya hewa ya Marekani waliwadharau Wakuba na kuzizuia telegramu zao. Taarifa haikukosekana, ila masikio ya kuipokea yalizibwa kwa makusudi.

Tangu wakati huo sayansi imepiga hatua kubwa mno. Setilaiti huona kila wingu linaloanza kujizungusha baharini, ndege maalumu huingia hadi ndani ya jicho la kimbunga kupima upepo, na utabiri wa leo wa siku 3 mbele unakaribia zaidi ukweli kuliko utabiri wa siku 1 wa miaka ya 1970. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami hutoa angalizo saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, na tahadhari kamili saa 36 kabla. Hata hivyo watu wanaendelea kufa majumbani mwao, mahali walipoambiwa waondoke. Kwa nini?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba watu ni wabishi. Nalikataa jibu hilo. Wabishi wapo, lakini ukiangalia kimbunga kimoja baada ya kingine utaona kwamba wengi waliobaki walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo ilikuwa na mantiki kwa jinsi walivyoelezwa hatari na kwa kile walichokuwa nacho mfukoni. Ninayemlaumu kwanza ni yule aliyetoa tahadhari isiyoeleweka, au iliyochelewa, au isiyo na gari.

Tuanze na namna hatari inavyoelezwa. Kimbunga cha Atlantiki hupewa daraja la 1 hadi 5, na daraja hilo hupimwa kwa kasi ya upepo peke yake. Halisemi lolote juu ya ukubwa wa dhoruba, mvua iliyobeba, wala maji ya bahari inayoyasukuma. Mwananchi akisikia daraja la 2, anatazama kuta zake na kujiambia zitahimili. Mwaka 2008 kimbunga Ike kilifika Texas kikiwa daraja la 2 hilohilo, lakini kilikuwa kipana sana, na maji yalipanda kufikia mita 4 hadi 6 kwenye rasi ya Bolivar, ng'ambo ya Galveston. Mitaa mizima ilifagiliwa zikabaki nguzo. Kabla yake watabiri walikuwa wameandika waziwazi kwamba wanaobaki katika nyumba za kawaida za pwani watakabiliwa na kifo cha hakika. Ni nadra ofisi ya serikali kuzungumza na watu kwa ukali wa namna hiyo, na ukali huo ulistahili.

Maji ndiyo muuaji mkuu. Wataalamu wa Kituo cha Vimbunga walipochambua vifo vya miaka 50, kuanzia 1963 hadi 2012, waliona kwamba karibu 9 kati ya kila vifo 10 vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga nchini Marekani vilitokana na maji, na nusu ya vifo vyote ilitokana na bahari kupanda nchi kavu. Upepo, ambao ndio hupewa namba na kutajwa kwenye televisheni, ulichukua sehemu ndogo. Ujazo wa mita moja ya maji kila upande una uzito wa tani nzima. Maji ya kina cha sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 huyachukua magari mengi. Nyumba inayostahimili upepo usiku kucha hubomolewa na maji kwa dakika chache. Ndiyo maana maafisa wa Florida huwafundisha watu kuyakimbia maji, na upepo kujificha tu. Anayeishi kilomita 30 ndani ya nchi kavu, kwenye nyumba imara, mara nyingi hana haja ya kuingia barabarani, na kwa kubaki kwake anamwachia nafasi yule wa ufukweni.

Hapa pana tatizo la kumbukumbu. Mwaka 1969 kimbunga Camille cha daraja la 5 kiliipiga pwani ya Mississippi, na nyumba ambazo maji hayakuzifikia zikageuka kipimo cha usalama kwa familia. Ilipokuja Katrina, tarehe 29 Agosti 2005, ikiwa imeshuka hadi daraja la 3, wengi walisema kama Camille haikufika hapa, hii haitafika. Lakini Katrina ilikuwa pana zaidi. Maji yalipanda hadi kiasi cha mita 8.5 huko Pass Christian, juu kuliko ya Camille. Watu wa pwani ile walisema baadaye kwamba Camille iliua watu wengi mwaka 2005 kuliko ilivyoua 1969. Mtu aliyenusurika dhoruba moja anajua dhoruba hiyo moja, na huo ni ujuzi wa kweli, tena wa kuheshimiwa. Tatizo ni pale ujuzi huo unapopewa nguvu ya kukanusha vipimo vya dhoruba nyingine.

Jambo la pili ni ramani. Anayefuatilia habari za vimbunga ameiona ile koni nyeupe inayoanzia kwenye kimbunga na kutanuka kadiri siku zinavyosonga mbele. Wengi huisoma kwamba walio ndani wataumia na walio nje wako salama. Maana yake ni tofauti kabisa. Koni huonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, na imechorwa kwa kipimo kinachokubali kwamba kitovu hicho, kiasi cha mara moja katika kila tatu, kitapita nje yake. Na hata kikibaki ndani, upepo, mvua na bahari iliyovurugika vinaenea mamia ya kilomita pembeni.

Kimbunga Ian cha Septemba 2022 ni somo zima juu ya jambo hili. Kwa siku kadhaa macho ya watu yalikuwa Tampa, Florida, kwa sababu mstari wa katikati ya koni ulipita karibu na hapo. Kaunti ya Lee, kusini zaidi, ilikuwa pembeni mwa koni. Jumatatu tarehe 26 kaunti kadhaa jirani zilitoa amri ya kuhama. Lee ilisubiri. Amri yake ilitoka asubuhi ya Jumanne tarehe 27, na Jumatano alasiri kitovu kikatua kwenye kisiwa cha Cayo Costa, ndani ya kaunti hiyohiyo. Fort Myers Beach, ambao ni mji uliokaa juu ya kisiwa chembamba, ulipata maji ya mita 3 hadi 4 na ushee. Huko Tampa, siku ileile, upepo uliyasukuma maji kuelekea baharini hadi sehemu za ghuba zikakauka na watu wakashuka kutembea kwenye matope. Mji uliotangazwa ukabaki mkavu, na ule wa pembeni ukazama. Ian iliua watu wapatao 150 kwa jumla, na maji ya bahari ndiyo yaliyochukua wengi kati ya waliouawa moja kwa moja na dhoruba.

Watetezi wa kaunti walisema utabiri ulibadilika. Ni kweli ulibadilika, lakini utabiri wa siku 3 hubadilika kila mara, na mpango wowote wa uokoaji ambao haukulihesabu hilo ni mpango wa karatasi. Hesabu ya kuhama huanzia mwisho kurudi nyuma. Kwanza unajiuliza ni saa ngapi upepo utafikia nguvu ya kufunga madaraja, kisha unatoa saa ambazo msafara wa magari utahitaji kupita, kisha unatoa saa ambazo familia ya kawaida inahitaji kufunga mizigo, kumchukua bibi na kutafuta mafuta. Saa inayobaki ndiyo saa ya mwisho ya kutoa amri, na mara nyingi inaangukia wakati ambapo jua bado linawaka na bahari imetulia. Kiongozi anayesubiri mpaka aone mawingu ili wananchi wasimlaumu kwa hofu ya bure, anawapokonya wananchi hao muda pekee waliokuwa nao.

Sasa tuje kwa anayetaka kuondoka na hana njia. Kabla ya Katrina, zaidi ya watu milioni moja waliondoka New Orleans na viunga vyake. Barabara kuu zilifanywa za upande mmoja, magari yakitoka kwa njia zote, na zoezi hilo lilikwenda vizuri. Jambo hili husahaulika kwa sababu picha tulizoziona ni za waliobaki. Nao walikuwa akina nani? Watu wengi mno katika mji ule hawakuwa na gari. Ilikuwa mwisho wa mwezi, wakati wale wanaoishi kwa mshahara mdogo au kwa msaada wa serikali wana mifuko mitupu, na hoteli ya usiku mmoja ni ndoto. Meya Ray Nagin alitoa amri ya lazima tarehe 28 Agosti, chini ya saa 24 kabla ya kimbunga kutua, na hapakuwa na mabasi ya kutosha ya kuwatoa watu nje ya mji. Katika uchunguzi wa vifo vya Louisiana, karibu nusu ya waliokufa walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Mzee wa miaka 80 anayetegemea mashine ya oksijeni hawezi kuitwa mbishi.

Wapo pia waliobaki kwa ajili ya mbwa au paka, kwa kuwa waokoaji na kambi nyingi hawakupokea wanyama. Msomaji wa kwetu anaweza kuona jambo hili la ajabu, lakini Bunge la Marekani lililiona zito kiasi cha kupitisha sheria mwaka 2006 inayotaka mipango ya uokoaji ihesabu wanyama wa nyumbani. Badilisha mbwa kwa ng'ombe, au kwa mashua ambayo ndiyo mali pekee ya mvuvi, utaona ni swali lilelile. Mtu haachi riziki yake kwa sababu amesomewa tangazo.

Na kuondoka nako kuna gharama. Wiki chache baada ya Katrina, kimbunga Rita kilielekea Texas, na watu wa Houston, wakiwa na picha za New Orleans vichwani, wakamiminika barabarani kwa pamoja, kati ya milioni 2.5 na 3. Wengi wao hawakuwa katika maeneo yaliyoamriwa kuhama. Magari yalisimama kwa saa nyingi kwenye joto kali, mafuta yakaisha, na basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kulelea likashika moto karibu na Dallas likaua abiria 23. Vifo vilivyohusishwa na msafara huo vilizidi 100, zaidi ya wale waliouawa na maji na upepo wa kimbunga chenyewe. Kwa hiyo anayesema kila mtu aondoke mapema hajamaliza kazi. Lazima aseme nani aondoke, aende wapi, kwa barabara ipi, na nani abaki.

Kwa maoni yangu waliojibu swali hili vizuri zaidi si matajiri. Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kiliipiga nchi ambayo leo ni Bangladesh na kuua watu wasiopungua 300,000. Kutokana na msiba huo ukazaliwa mpango wa kujiandaa na vimbunga, unaoendeshwa na serikali kwa pamoja na Hilali Nyekundu, na msingi wake ni watu wa kujitolea wa kijijini. Hupandisha bendera, moja, mbili au tatu kadiri hatari inavyokaribia, na kupita nyumba hadi nyumba wakiwa na vipaza sauti na ving'ora vya mkono. Anayekugongea mlango ni kijana unayemjua tangu akiwa mtoto, si sauti ya redio kutoka mji mkuu.

Kimbunga cha Aprili 1991 bado kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Baadhi yao hawakwenda kwenye majengo ya kujihifadhi kwa sababu hayakuwa na sitara, wengine walimngoja mume aje awaruhusu kutoka. Badala ya kuwahubiria wanawake juu ya utii, wapangaji walibadilisha majengo na wajumbe. Majengo mapya huinuliwa juu ya nguzo nene za zege ili maji yapite chini, siku za kawaida ni shule ya msingi, yana vyumba na vyoo vya wanawake peke yao, na katika sehemu nyingi kuna kilima cha udongo au mahali pa kuwekea mifugo. Wanawake waliingizwa kwa wingi katika safu za wanaojitolea. Sidr ya Novemba 2007 iliua zaidi ya watu 3,000. Amphan ya Mei 2020, katikati ya janga la korona, ilikuta watu milioni 2.4 wamekwishahamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Kutoka laki tatu hadi makumi, katika nchi maskini iliyo tambarare kama meza, ndani ya miaka 50.

Cuba ilipita njia yake. Kimbunga Flora cha 1963 kiliua zaidi ya watu 1,000 kisiwani humo. Mwaka 2001, Michelle ilipokuja, watu wapatao 700,000 walihamishwa na waliokufa walikuwa 5. Ni kweli serikali ya Cuba ina mkono mzito ambao si kila nchi ingeutaka. Lakini sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na orodha ya mtaa: nani mjamzito, nani hawezi kutembea, nani ana nyumba ya zege inayoweza kupokea majirani. Wengi hawakulala kambini, walilala kwa ndugu na jirani. Orodha ya namna hiyo mwenyekiti wa mtaa yeyote anaweza kuiandika kwa daftari na kalamu.

Je, haya yanatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauvipi vimbunga nguvu ya kujizungusha, na kwa sababu hiyo tumeepushwa na mengi. Hatukuepushwa na yote. Aprili 1872 kimbunga kiliiangukia Unguja, kikang'oa mashamba ya mikarafuu na kuharibu meli za Sultani Barghash. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Kumbukumbu hizo zimefifia, nasi tumejizoesha kuamini kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwaonya watu wa Mtwara, shule na maofisi yakafungwa, na wakazi wa maeneo ya chini wakaambiwa wahamie sehemu salama. Kimbunga kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kusini ya mpaka. Mwaka 2021 Jobo nayo ilitangazwa, ikafifia kabla ya kufika. Baadhi ya watu waliwacheka watabiri. Ni kicheko cha hatari. Katika nusu yetu ya dunia vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa, kwa hiyo kimbunga kinachokuja kutoka mashariki huisukuma bahari nchi kavu upande wa kusini wa kitovu, na upande wa kaskazini huirudisha nyuma. Mtwara ilikuwa kaskazini. Kama Kenneth ingekata kona kidogo tu kuelekea juu, watu waliotii tahadhari ndio wangebaki hai. Tahadhari iliyopita bila maafa haikuwa uongo, na mamlaka ingefanya vizuri kuwaeleza watu kila mara baadaye, kwa ramani na kwa lugha nyepesi, dhoruba ilipita wapi na iliwakosa kwa kilomita ngapi.

Mwezi Mei 2024 Hidaya ilifikia nguvu ya kimbunga kamili baharini na kuelekea Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na mvua ikaikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Kilwa. Barabara hiyo ndiyo njia ambayo watu wa Kilwa na Lindi wangepita wakihama. Desemba ya mwaka huohuo Chido ilikivunja kisiwa cha Mayotte kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, kisha ikaingia Cabo Delgado. Huko Mayotte tahadhari ilitolewa na shule zilifunguliwa kupokea watu, lakini wahamiaji wengi wasio na vibali, Wangazija na hasa watu wa kisiwa cha Nzwani, walibaki kwenye mabanda yao ya mabati. Waliogopa kwamba anayewaita waje wajihifadhi ndiye atakayewakamata. Serikali inayowasaka watu mwaka mzima haiwezi kuaminiwa kwa saa 24 tu.

Msimu wa vimbunga katika sehemu yetu ya Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Hidaya ilikuja Mei. Kwa hiyo naziomba halmashauri za Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, pamoja na wenzao wa Unguja na Pemba, zisingoje jina la kimbunga kijacho. Zitaje sasa, kwa kila kijiji cha ufukweni, ni jengo gani la shule au msikiti lililo juu na imara, nani ana ufunguo wake, mashua zitavutwa wapi, na gari la nani litawachukua wasioweza kutembea. Nawe msomaji unayeishi hatua chache kutoka baharini, muulize mwenyekiti wako maswali hayo manne wiki hii, na asipokuwa na majibu, mwambie aitishe mkutano.